Kwa nini Mwingereza aliweka karakana ya ndege za jeshi la majini Nairobi, kilomita 500 kutoka baharini?

Mwana wa Makadara (#1)

Wakuu, salaam. Kuna jambo la historia naona halizungumzwi huku kwetu, naomba tulijadili.

Ukitaja Eastleigh leo kila mtu anawaza maduka ya nguo, matatu namba 6 na namba 9, na msongamano. Pembeni ya mtaa huo kuna kambi ya jeshi la anga, Moi Air Base. Ilifunguliwa 1940 na jeshi la anga la Uingereza, ikiitwa RAF Eastleigh, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mwingereza akijiandaa kupigana na Mwitaliano aliyekuwa Abisinia (Ethiopia) na Somalia. Mpaka hapo hakuna la ajabu.

La ajabu ni kwamba kuanzia 1942 hadi 1944, ndani ya uwanja huohuo, kulikuwa na karakana ya kutengeneza ndege za jeshi la majini. Narudia, la majini. Iliandikishwa kama manowari na kupewa jina HMS Korongo, kwa sababu desturi yao ni kuita kambi ya nchi kavu meli. Baharia wa HMS Korongo akitoka getini kwenda mjini alihesabika ameshuka melini, na bahari yenyewe iko Mombasa!

Ndege zilizohusika ni zile zinazorukia kwenye meli za kubeba ndege: Swordfish, Albacore, Fulmar, Martlet. Meli zilitia nanga Kilindini, bandari ya Mombasa. Sasa kwa nini ndege ikiharibika Kilindini ipelekwe Nairobi, safari ya kilomita 500 na ushee na mlima wa zaidi ya mita 1,600?

Jibu langu mimi ni Mjapani. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani ziliipiga Colombo, na tarehe 9 zikaipiga Trincomalee, zote bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo). Siku hiyo ya pili manowari ya kubeba ndege HMS Hermes ilizamishwa ikiwa haina ndege hata moja ya kuitetea. Admirali Somerville akahamishia meli zake Kilindini. Mtu aliyetoka kupigwa hivyo bandarini hawezi kurudia kuweka mayai yote bandarini. Nakaribisha wenye mawazo tofauti.

Kichwa Maji (#2)

Nimekaa mkao wa kula. Wajuzi shusheni nondo.

Bwana Reli (#3)

Mkuu #1 uzi mzuri, ila unamtaja Mjapani mapema mno. Jibu ni reli.

Kutengeneza ndege ni kazi ya chuma kabla ya kuwa kazi ya anga. Unahitaji mashine za kuchonga, tanuri, mizani ya kupimia nywele, na zaidi ya yote watu wanaojua kuzitumia. Nairobi palikuwa na karakana ya reli ya Kenya na Uganda iliyojaa mafundi wa Kihindi waliozeeka kwenye mashine hizo. Ukikosa boliti ya kipimo fulani, unaichongesha mtaa wa pili. Mombasa ilikuwa na bandari na maghala, ufundi wa namna ile ulikuwa juu kule.

Halafu ndege za majini zinakunja mabawa. Swordfish ikikunjwa inakuwa mzigo mwembamba tu. Ipandishe behewani Mombasa jioni, iteremshe Nairobi kesho yake. Hiyo 500 unayoiona mbali, kwa mtu wa reli ni usiku mmoja.

Sauti ya Umoja (#4)

Si kweli. Uwanja uliojengwa wakati wa vita ni Embakasi, na walioujenga ni wafungwa wa Mau Mau. Eastleigh ilikuja baadaye kwa ajili ya jeshi.

Mkongwe75 (#5)

Namrekebisha #4 kwa heshima. Umechanganya vita viwili. Hali ya hatari ya Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952. Embakasi ilijengwa katika kipindi hicho, na ni kweli jasho la wafungwa wa Mau Mau liko kwenye ile lami, jambo ambalo abiria wa leo hawaambiwi. Ilifunguliwa Mei 1958 na gavana Baring. Vita tunavyozungumzia hapa viliisha 1945.

Kabla ya Embakasi, Eastleigh ndiyo ilikuwa lango la Nairobi, kwa askari na kwa raia. Binti mfalme Elizabeth alitua Eastleigh tarehe 1 Februari 1952, siku chache kabla baba yake hajafariki na yeye kuwa malkia. Na kabla ya Eastleigh kulikuwa na uwanja wa Nairobi West, wa kampuni ya Wilson Airways, ambao leo ndio Wilson. Vita vilipoanza 1939, ndege za Wilson Airways na marubani wake walichukuliwa na jeshi.

Fundi wa Injini (#6)

Wakuu, mimi ni fundi wa ndege ndogo, kazi ndiyo hii. Nimesoma #1 na #3, wote mmegusa ila hamjashika penyewe. Jibu ni unyevu na chumvi.

Twende taratibu. Swordfish si ndege ya bati kama mnavyofikiri. Fremu ni ya chuma na duralumini, juu yake kinavutwa kitambaa cha kitani, kinashonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo. Kisha kinapakwa dawa nzito yenye harufu kali inayokifanya kikaze kama ngozi ya ngoma. Ukikipiga kwa kidole lazima kilie. Kikinyamaza, kimelegea, na bawa lililolegea haliruki.

Sasa dawa hiyo haitaki unyevu wakati inakauka. Ukiipaka hewa ikiwa nzito, inatoka madoa meupe kama ukungu na nguvu yake inapotea, unabandua unaanza upya. Nenda Mombasa mwezi Mei uniambie ni saa ngapi za siku utapaka kwa amani.

Chumvi nayo. Ndege iliyokaa kwenye sitaha ya meli miezi kadhaa inakuja na chumvi kila tundu. Magineto, kifaa cha kuzipa plagi umeme, inavuta unyevu, plagi zinakosa moto, redio inanguruma tu. Ukiifungua injini Kilindini, ukasafisha silinda na kuzipaka mafuta, hewa ileile inayokuzunguka inaanza kuzila kabla hujazifunga. Nairobi unaweza kuacha silinda mezani usiku na asubuhi ukaikuta inang'aa.

Hata ndege za mbao ziliteswa hivyohivyo. Mosquito zilipopelekwa India, 1944 gundi ilianza kuachia kwenye mabawa kwa joto na unyevu. Ndege za vita zilizozaliwa Ulaya hazikuzaliwa kwa ajili ya pwani zetu.

Mtoto wa Kipevu (#7)

Fundi wa Injini, heshima yako, lakini pwani unaionea.

Kipevu, hapohapo mlangoni pa Mombasa, zilikaa Catalina, ndege za baharini za RAF. Hizo hazikukaa karibu na chumvi, zilikaa ndani ya chumvi. Kikosi cha 259 kiliundwa Kipevu 1943 na baadaye mwaka huohuo kikahamia Dar es Salaam. Agosti 1943 Catalina za kikosi hicho na za kikosi cha 265 zilizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Sasa kama hewa ya pwani inakula injini kabla hujafunga, hizo zilirukaje mpaka Madagaska?

Port Reitz nayo, pale ulipo uwanja wa kimataifa wa Mombasa leo, ilijengwa wakati wa vita na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na ndege za majini zilishuka hapo meli zikiwa bandarini. Matengenezo yalifanyika papo hapo. Msitufanye kama tulikuwa tunatazama tu.

Fundi wa Injini (#8)

#7, kuna matengenezo na kuna ukarabati mkubwa. Kubadili plagi, kumwaga oili, kuziba tundu la risasi, hiyo inafanyika chini ya mwembe. Kufumua injini nzima ya Pegasus, silinda tisa zimepangwa duara, kila moja ikatolewa, ikapimwa, ikarudishwa, hiyo ni kazi ya karakana. Nani kasema Mombasa hawakutengeneza? Swali ni kwa nini kazi kubwa ilipanda Nairobi.

Mwambao Asilia (#9)

Tanga hamjaitaja, na nimesubiri sana. Uwanja wa ndege wa Tanga nao ulikuwa wa jeshi la majini kwenye vita hivyo. Uliitwa HMS Kilele. Pale ndipo palipowekwa marubani na ndege za akiba, meli ikipungukiwa inachukua Tanga. Kwa hiyo ramani yenu ya Mombasa na Nairobi peke yake ina pengo. Ndege inaweza kuvunjika Tanga pia, na Tanga hadi Nairobi reli yake ilizunguka Moshi na Voi.

Kichwa Maji (#10)

Watu wa Tanga hamkosi kwenye uzi wowote. Hata ukizungumzia theluji mtasema ilianzia Tanga.

Mwambao Asilia (#11)

#10 hiyo ni kwa sababu Tanga ilikuwepo kweli. Wewe leta pwani yako.

Nyota ya Kusini (#12)

Namuunga mkono mleta uzi kuhusu Mjapani, na naongeza jambo ambalo wa Dar na Zanzibar wengi hawalijui. Mei 1942 nyambizi ya Kijapani I-30 ilikuwa pwani yetu ikiwa na ndege ndogo ya upelelezi iliyofichwa sitahani. Ndege hiyo iliruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kutazama kama kuna manowari, na nyambizi yenyewe ikaenda kuchungulia Mombasa. Mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia Diego Suarez, Madagaska, zikaipiga topido manowari HMS Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Waingereza walikuwa wameichukua Diego Suarez kutoka kwa Wafaransa wa Vichy, wale walioshirikiana na Mjerumani, mwanzoni mwa mwezi uleule.

Kwa hiyo anayesema hofu ya Japani ni hadithi, aseme pia kwamba Diego Suarez ni hadithi. Mkuu wa jeshi aliyekaa Kilindini mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kuficha karakana yake bara.

Bwana Reli (#13)

Nyambizi na topido zinaua meli. Haziui karakana iliyojengwa kilomita kumi ndani ya nchi kavu. Kilichoipiga Colombo ni kundi la meli za kubeba ndege, na hilo halikurudi Bahari ya Hindi. Juni 1942 lilivunjwa vibaya na Wamarekani kule Midway, bahari ya Pasifiki. Sasa kama hofu ndiyo ilikuwa sababu, mbona HMS Korongo iliendelea hadi 1944?

Nyota ya Kusini (#14)

Kwa sababu karakana haihamishwi kama kibanda cha chipsi. Ukishafunga mashine sakafuni umefunga. Na aliyekuwa Kilindini Juni 1942 hakuwa na kioo cha kumwonyesha kwamba Mjapani hatarudi.

Wangari wa Kimathi (#15)

Hamjambo nyote. Nimekulia mtaa wa Kimathi, karibu na kambi hiyo, na babu yangu mzaa baba alifanya kazi Eastleigh wakati wa vita. Hakuwa askari, alikuwa kibarua. Sijui kama ilikuwa upande wa jeshi la majini au la anga. Kwake wote walikuwa wazungu wa ndege.

Alituhadithia kazi yake ilikuwa kuosha vyuma. Injini ikishafumuliwa, vipande viliwekwa kwenye mabeseni ya bati yenye petroli, na yeye na wenzake wakavisugua kwa brashi mpaka weusi utoke. Kila kipande kilikuwa na kibati chenye namba kilichofungwa kwa waya. Namba ikipotea, kipande kinatupwa hata kama ni kizima, na kibarua anakatwa mshahara. Kwa hiyo walijifunza kusoma namba kabla ya kusoma majina yao. Petroli ilimchubua mikono, na mpaka anazeeka ngozi ya vidole vyake ilikuwa laini isiyo na mistari. Alipokwenda kuchukua kitambulisho miaka ya baadaye, alama za vidole zilisumbua.

Mpangilio alioueleza ni huu: mzungu anatia sahihi, Mhindi anachonga, Mwafrika anaosha na kubeba. Spana hukabidhiwi. Kipande, kile kitambulisho cha kazi cha Mwafrika, kimening'inia shingoni ndani ya kikopo chake cha chuma, hata ukiwa umeinama kwenye beseni. Lakini alisema baada ya muda kulikuwa na vijana wa Kiafrika walioachiwa kufunga boliti, kwanza kwa siri, kisha waziwazi kazi ilipozidi.

Kuhusu swali la uzi, yeye alikuwa na jibu lake. Alisema wazungu walipenda Nairobi kwa sababu Mombasa walikuwa wanaugua malaria. Basi.

Mkongwe75 (#16)

Dada Wangari, hii ndiyo sehemu isiyo kwenye vitabu. Asante sana. Naomba usikie ombi langu: kama kuna mtu wa umri wa baba yako anayekumbuka simulizi za mzee, mrekodi sauti. Majina ya meli tunayapata popote. Majina ya waliosugua zile silinda hatuyapati.

Na hoja ya malaria usiidharau. Fundi mgonjwa ni hasara kuliko injini mbovu, kwa sababu injini unaletewa kwa meli, fundi wa kiwango kile inachukua miaka kumpata.

Jembe la Nyanza (#17)

Mnaizungumzia Nairobi kama vile ndege zilianzia huko. Kisumu ndiyo ilikuwa kituo cha ndege kubwa za maji za Imperial Airways tangu miaka ya 1930. Wakati wa vita njia ya kutoka Durban ilipita Msumbiji, Lindi, Dar es Salaam, Mombasa, ikapanda Kisumu, Port Bell, ikashuka na Nile mpaka Cairo, na kuendelea mpaka Australia kabla Singapore haijaanguka. Mafundi wa ndege walikuwepo Kisumu zamani. Kama ni hewa ya bara na maji ya kutulia, Kisumu ilitosha.

Fundi wa Injini (#18)

Jembe, hizo zilikuwa za abiria na barua. Tena ndege ya majini yenye magurudumu haihitaji ziwa. Lakini umenisaidia bila kukusudia: hata wa kiraia kazi kubwa walitaka kuifanya bara.

Rubani Mstaafu (#19)

Nimesoma kimya, sasa naingia. Hoja ya hewa kavu ina upande wa pili ambao Fundi hajautaja.

Eastleigh iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya usawa wa bahari. Injini unayoikarabati Nairobi utaijaribu kwenye hewa hiyo nyepesi, kisha uipeleke meli ya kubeba ndege, kimo sifuri, hewa nzito na ya joto. Mchanganyiko wa petroli na hewa uliourekebisha juu siyo utakaofaa chini. Rubani wa Swordfish mwenye topido chini ya tumbo ana sitaha fupi tu ya kuondokea. Injini ikikohoa pale, yuko majini mbele ya meli yake mwenyewe. Kwa mtazamo wa rubani, Nairobi ni mahali pabaya pa kujaribia injini ya meli.

Kwa hiyo walioichagua Nairobi waliijua kasoro hiyo na bado wakaenda. Lazima kulikuwa na jambo zito kuliko dawa ya kitambaa.

Fundi wa Injini (#20)

Mzee shikamoo. Hoja yako ni nzito, ila injini zile zilikuwa na vipuliza hewa. Merlin, injini ya Fulmar, ilifikia nguvu yake kamili juu zaidi ya kimo cha Eastleigh. Fundi anapima shinikizo kwenye bomba la kuingizia hewa, na vipimo vinasahihishwa kwa jedwali la kimo na joto. Hata leo tunafanya hivyo pale Wilson, ndege tunayoifungua kwetu inaenda kuruka Lamu na hakuna anayeanguka.

Rubani Mstaafu (#21)

Marahaba. Jedwali ninalijua. Nimelala nalo miaka mingi. Lakini wewe unazungumzia fundi mwenye utulivu na mimi nazungumzia vita, ndege kumi zinasubiri na mkubwa anapiga simu kutoka Kilindini.

Mchukuzi Halali (#22)

Kuna maelezo mepesi kuliko yote na hakuna aliyeyasema. Mabanda yalikuwa wazi.

Fuateni mlolongo. Mwaka 1940 Eastleigh ilijaa ndege za Afrika Kusini na za Rhodesia. Tarehe 11 Juni 1940, siku moja tu baada ya Italia kutangaza vita, ndege za Junkers 86 za Afrika Kusini ziliondoka kwenda kupiga kambi ya Waitaliano karibu na Moyale. Tena hizo Junkers zilitengenezwa Ujerumani na zilinunuliwa kwa kubeba abiria! Kundi kama hilo, lenye ndege za kila aina, zingine zimechakaa kabla vita havijaanza, linahitaji mafundi wengi na mabanda mengi. Basi yakajengwa.

Februari 1941 Mogadishu ikaanguka. Aprili 6 Addis Ababa. Novemba Gondar. Vikosi vikahamishiwa Misri na Libya kupigana na Rommel, jenerali wa Kijerumani. Kufika mwanzo wa 1942 vita vya Eastleigh vimekwisha, lakini sakafu ya saruji, umeme, barabara, nyumba za maofisa, vyote vipo. Ndipo jeshi la majini linafika Kilindini likiwa na ndege mbovu na halina pa kuzipeleka. Wewe ungefanya nini? Ungejenga upya kwenye mikoko?

Mwana wa Makadara (#23)

#22 hii imenigusa. Lakini mabanda wazi yanaeleza kwa nini iliwezekana, hayaelezi kwa nini ilitakiwa. Port Reitz nayo palikuwa na ardhi.

Mbongo wa Cape (#24)

Habari kutoka Cape Town. Tuangalie jeshi hilihili lilifanya nini kwingine, maana kesi moja haitoshi.

Hapa Cape Town walikuwa na karakana ya namna hiyohiyo Wingfield, HMS Malagas, karibu kabisa na bahari. India waliweka Coimbatore, HMS Garuda, ndani ya nchi, mbali na pwani. Ceylon waliweka Katukurunda, HMS Ukussa, ufukweni kabisa, kwenye joto na chumvi na kila kitu anachokichukia Fundi wa Injini. Na Ceylon ndiyo hiyohiyo iliyopigwa na Mjapani.

Kwa hiyo hofu ya Mjapani pekee haisimami, la sivyo Katukurunda isingekuwepo. Unyevu pekee hausimami, kwa sababu hiyohiyo. Reli pekee nayo haisimami, Wingfield iko jirani na bandari.

Fundi wa Injini (#25)

Cape si pwani ya joto, usiichanganye na Mombasa. Na Coimbatore unaitaja haraka kana kwamba haina maana. Ni bara, ni kukavu. Hiyo ni kura yangu.

Nyota ya Kusini (#26)

Na Katukurunda ilipanuka Mjapani alipokwisha rudi nyuma. Angalieni miaka, siyo ramani tu. Mwishoni mwa 1943 na mwanzoni mwa 1944 meli zilikuwa zinarudi Ceylon, na 1944 Korongo ikafungwa. Hatari ilipopungua, karakana ilirudi ufukweni. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Bwana Reli (#27)

Ilifungwa kwa sababu meli ziliondoka Kilindini, hakuna cha zaidi. Mteja akihama, fundi anafunga duka.

Shangazi Halima (#28)

Wanangu, mmezungumza sana kuhusu vyuma, mniruhusu niseme la watu. Kwenye meli Khedive Ismail, iliyoondoka Kilindini Februari 1944 kwenda Colombo, alikuwemo ndugu wa bibi yangu, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga, ikazama kwa dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwemo wauguzi wanawake. Bibi hakuletewa mwili wala kaburi. Kwa hiyo anayesema Mjapani hakuwa karibu nasi, sisi tulimjua.

Mwana wa Makadara (#29)

Pole sana shangazi. Mungu awarehemu wote.

Mtoto wa Kipevu (#30)

Poleni. Kule kwetu Malindi wazee walikuwa wanasimulia Mwitaliano alivyoidondoshea mabomu Oktoba 1940. Wajir nayo ilipigwa mwanzoni kabisa mwa vita. Watu wanadhani vita vile vilikuwa vya Ulaya.

Sauti ya Umoja (#31)

Nimeuliza hili muda mrefu: wafungwa wa Kiitaliano nao walifanya kazi kwenye karakana hiyo? Maana walikuwa wengi Kenya na walikuwa mafundi kwelikweli. Kile kikanisa kidogo pale Mai Mahiu, ukishuka bonde kwenda Naivasha, walikijenga wao 1942 wakati wanatengeneza barabara.

Mkongwe75 (#32)

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza mfungwa kupewa kazi inayohusiana moja kwa moja na vita. Barabara ni hoja yenye mjadala, ndege ya topido haina mjadala. Italia ilipojisalimisha Septemba 1943 wengi walikubali kushirikiana na mambo yakalegea, lakini kuwapa injini za kijeshi sioni kamanda yeyote akilala usingizi baada ya hapo.

Wangari wa Kimathi (#33)

Babu aliwataja Waitaliano, ila kwa useremala. Alisema walitengeneza makasha ya kusafirishia injini, na kwamba walikuwa wanaimba. Zaidi ya hapo hakusema.

Mchukuzi Halali (#34)

Makasha! Basi kuna injini zilizosafiri peke yake bila ndege. Hilo linabadilisha hesabu za Bwana Reli. Huhitaji kupandisha ndege nzima. Unang'oa injini Port Reitz, unafunga nyingine iliyokwisha karabatiwa, ile mbovu unaitia kashani na kuipeleka Nairobi. Ndege inaruka wiki hiyohiyo.

Bwana Reli (#35)

Hainibadilishii kitu, inaniongezea. Kasha linapanda nini kama si treni?

Rubani Mstaafu (#36)

Na mabawa je? Injini unaweza kuing'oa Port Reitz, lakini Swordfish iliyogonga kizuizi cha sitaha imepinda kiunzi. Hiyo inapanda nzima au haipandi kabisa. Zile zilizoweza kuruka ziliruka zenyewe kwenda Eastleigh, rubani anafuata reli kwa macho kupita Voi na Makindu, Kilimanjaro mkono wa kushoto. Mimi mwenyewe nimefuata reli hiyo mara nyingi mawingu yakiwa chini.

Kichwa Maji (#37)

Swali la pembeni wakuu. Hiyo kambi ndiyo ile ya mapinduzi ya 1982?

Mkongwe75 (#38)

Ndiyo, Eastleigh ilikuwa mojawapo. Jeshi la anga la Kenya liliundwa Juni 1964 na kurithi kambi hiyo kutoka kwa Waingereza. Baada ya jaribio la Agosti 1, 1982 jeshi hilo lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la 82 Air Force mpaka 1994. Lakini huo ni uzi wake peke yake, tusiuchanganye na huu.

Mwambao Asilia (#39)

Na Mackinnon Road? Pale njiani kuelekea Voi kuna mabaki ya kambi kubwa ya jeshi. Wengine husema ndiyo ilikuwa karakana kuu, si Nairobi.

Mchukuzi Halali (#40)

Hapana. Ghala kubwa la Mackinnon Road lilianza kujengwa 1947, vita vimekwisha, Mwingereza akitafuta pa kuhamishia vifaa vyake kutoka Misri. Alimwaga pesa nyingi kisha akaliacha. Miaka ya Mau Mau pakawa kambi ya kizuizini.

Fundi wa Injini (#41)

Na pia ni mfano wa kuniunga mkono. Alipochagua mahali pa kuweka vifaa visiharibike, alipanda tena bara, akaikwepa pwani.

Mtoto wa Kipevu (#42)

Akaliacha, umesoma? Alipanda bara, akashindwa. Port Reitz mpaka leo inafanya kazi, ndege zinatua kila siku.